Kurasa Mbili Zinazotazamana

Msomaji afunguapo jarida la muziki, jicho lake halianzi na neno la kwanza la makala, bali huzipokea kurasa mbili kwa pamoja, wa kulia na wa kushoto, na katika mtazamo huo mmoja, kabla hajamjua mwandishi wala mwimbaji, nafsi yake imekwisha kuamua kama itaketi isome au itapita. Kuupanga uwanja huo ni sanaa yenye kanuni zake, nami natamani kanuni hizo zijulikane Kwale, Diani na Msambweni, kwa sababu watu wa pwani hii ya kusini wana ngoma na nyimbo za kujaza majarida mengi, na aghalabu wanaozichapa ni wengine.

Elimu yenyewe si ngeni kwao. Mwanamke wa Msambweni achaguaye leso hutazama pindo linalozunguka, hutazama mji ulio katikati, kisha husoma jina, ambalo halitupwi popote bali lina mahali pake maalumu penye nafasi ya kutosha, lisimezwe na nakshi. Wafanyabiashara wa Mombasa wenye leso mashuhuri za Mali ya Abdulla, ambao nyumba yao ya biashara ni ya tangu mwaka 1887, wamelitegemea jicho hilo kwa vizazi. Jarida nalo lina pambizo zake, picha yake kuu na kichwa chake cha habari, na viungo hivyo vitatu visipopatana, hata wino uwe wa thamani namna gani, ukurasa hautakaa sawa.

Tofauti kubwa ni kwamba jarida lina mshono. Katika jarida lililofungwa kwa pini, ni kurasa mbili za katikati tu zilizo karatasi moja isiyokatika. Penginepo pote karatasi mbili mbalimbali hukutana, na picha iliyotandazwa juu yake yaweza kupishana kidogo zinapokunjwa. Kwa hiyo fundi mwangalifu hauweki uso wa mwimbaji katika mshono. Huusogeza upande mmoja, na upande wa pili huacha weupe, ambao si upungufu bali ni kituo cha jicho.

Lakini jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni maneno. Wimbo wa taarabu ni shairi kabla ya kuwa sauti, na mshororo wake, aghalabu wenye mizani kumi na sita, hugawanyika katika vipande viwili vya minane minane. Ukiulazimisha ndani ya safu nyembamba, utakatika mahali pasipo pumziko, na vina vitapotea machoni ijapokuwa vimo. Wanakili wa zamani wa tenzi, walioandika kwa hati za Kiarabu, waliitambua hatari hiyo, wakatia alama baina ya kipande na kipande, mara nyingi kwa wino mwekundu, ili msomaji ajue pa kutua. Hata maelezo ya kawaida yataka safu pana kidogo kwetu, kwa kuwa kitenzi kama ‘walivyotutumbuiza’ hubeba katika neno moja yale ambayo Kiingereza huyagawa kwa maneno kadhaa, na safu iliyopimwa kwa Kiingereza huacha mianya mibaya katikati ya mistari yetu. Na kando ya jina la mwimbaji sharti liwe jina la mtunzi: marhumu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi mengi ya binamu yake Ahmad Nassir, na ukurasa unaomtaja mmoja na kumwacha mwenzake umesema nusu ya kweli.

Wako mafundi wenye rai nyingine. Marekani, katika jarida la Ray Gun lililoanza mwaka 1992, msanifu David Carson aliona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry yanachosha, akayachapa mwaka 1994 kwa alama tupu zisizosomeka. Tendo hilo limesifiwa sana, nami naukiri ujasiri wake. Hata hivyo siliungi mkono, maana msomaji aliyetoa fedha yake ana haki ya kupewa maneno.

Dhuluma iliyo karibu nasi zaidi ni ya picha. Sengenya ya Wadigo na Waduruma ina nzumari na ngoma za namna mbalimbali, kila moja na kazi yake, lakini mara nyingi wachezaji wake huchapwa kama pambo la ufuo wa Diani, wamesimama mbele ya mnazi, bila jina la mtu wala la ngoma. Kurasa mbili zilizopangwa kwa insafu zingempa mpiga nzumari ukurasa mzima, ngoma zikafuatana upande wa pili kwa ukubwa wake, na chini ya kila moja likaandikwa jina lake na la anayeipiga.

Enyi vijana wa Ukunda na Msambweni mnaojifunza usanifu kwa kompyuta, mwanzapo kupanga kurasa za muziki wa kwenu, nendeni kwanza kwa wapigaji, mkaulize majina, mkayaandike kwa hati inayosomeka.