Sainasi sugu: jina moja, maradhi tofauti

Pua imeziba, paji la uso linauma, kamasi zito linashuka kooni na harufu ya chakula haisikiki tena. Mgonjwa huambiwa ana sainasi, hupewa antibiotiki, hupata nafuu kidogo, kisha baada ya wiki chache hurejea pale pale alipoanzia.

Kisa hiki kinafahamika hapa London kama kinavyofahamika Mombasa au Mwanza. Uchunguzi uliofanywa kwa njia ya maswali katika nchi 12 za Ulaya, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, uliwahusisha watu zaidi ya 57,000. Takriban mmoja kati ya kila kumi alikuwa na dalili za ugonjwa huu katika hali yake sugu.

Kwa muda mrefu mabingwa wamejiuliza kwa nini dawa ile ile humfaa mgonjwa huyu na kutomsaidia yule. Sehemu kubwa ya jibu imepatikana katika namna kinga ya mwili inavyopigana ndani ya pua.

Ugonjwa unavyopimwa

Sainasi ni mapango madogo yenye hewa ndani ya mifupa ya uso. Ziko jozi nne: mashavuni, kwenye paji la uso, kati ya macho na nyuma kabisa ya pua. Mapango hayo yamefunikwa kwa utando laini unaotoa ute, nao ute hutiririka hadi puani kupitia vijitundu vyembamba. Utando ukivimba, vijitundu huziba.

Dalili zikidumu kwa wiki 12 au zaidi, madaktari huuita ugonjwa huu sugu. Mwaka 1993 mabingwa wawili wa London, Valerie Lund na Ian Mackay, walichapisha njia ya kuupima kwa picha za CT, ambapo sainasi hupewa alama kuanzia 0 hadi 24. Njia hiyo ingali ikitumiwa duniani kote.

Hata hivyo, alama hizo humwonyesha daktari ukubwa wa uvimbe tu. Hazimwambii ni uvimbe wa aina gani.

Vikosi vitatu vya kinga

Wataalamu wa kinga huzungumzia mifumo mitatu ya mapambano, kila mmoja ukiwa na adui wake wa asili.

Mfumo wa kwanza hukabili virusi na vijidudu vinavyojificha ndani ya seli, kama vile vya kifua kikuu. Silaha yake kuu ni kemikali iitwayo intaferoni gama.

Mfumo wa pili ni ule wa kupambana na minyoo. Askari wake ni chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili, zinazoongozwa na kemikali zinazojulikana kama intalukini namba 4, 5 na 13. Mfumo huu ndio pia unaohusika na pumu na mzio.

Mfumo wa tatu hupigana na bakteria na kuvu walio nje ya seli. Hutumia intalukini namba 17 na chembe ziitwazo nyutrofili, ambazo huonekana kwa wingi kwenye usaha.

Kwa mgonjwa wa sainasi sugu, kikosi kimojawapo au zaidi huendelea kupigana ingawa hakuna adui anayeonekana. Mfumo wa pili ukitawala, mara nyingi vinyama laini huota puani, uwezo wa kunusa hupotea na pumu huandamana na maradhi hayo. Wagonjwa hawa kwa kawaida hunufaika na dawa za steroidi. Wale ambao nyutrofili ndizo zilizotawala hunufaika kidogo zaidi.

Ulaya na Marekani, wagonjwa wengi wenye vinyama puani wana mfumo wa pili. Nchini China na Korea Kusini, uchunguzi ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya wagonjwa wa namna hiyo hawakuwa nao, ingawa katika miongo ya karibuni idadi ya wenye mfumo huo imeongezeka.

Sudan nayo ina historia yake. Mwaka 1969 madaktari walieleza katika jarida la upasuaji la Uingereza juu ya wagonjwa wa Sudan ambao sainasi zao zilivamiwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus. Kwa hiyo, huenda watu watatu wenye pua zilizoziba wakawa na magonjwa matatu.

Antibiotiki hazikusaidia

Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Uingereza, likiwashirikisha watafiti wa chuo kikuu cha UCL hapa London na cha East Anglia. Zaidi ya wagonjwa 500 walihusika. Baadhi walifanyiwa upasuaji, wengine walipewa antibiotiki ya klarithromaisini kwa miezi mitatu, na wengine vidonge visivyo na dawa.

Baada ya miezi sita, waliofanyiwa upasuaji walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Antibiotiki haikuonyesha tofauti na vidonge visivyo na dawa.

Kwa wale wenye mfumo wa pili, njia nyingine ilikuwa imekwisha funguka mwaka 2019, pale Marekani na Umoja wa Ulaya zilipoidhinisha sindano ya dupilumab kutibu sainasi sugu yenye vinyama. Dawa hiyo huzuia ujumbe wa intalukini 4 na 13. Katika majaribio mawili yaliyohusisha wagonjwa 724, vinyama vilipungua na wengi walianza tena kunusa.

Lakini bei yake ni kubwa. Hata Uingereza, tathmini ya dawa hiyo kwa ugonjwa huu ilisitishwa mwaka 2020 bila pendekezo, baada ya mtengenezaji kutowasilisha ushahidi.

Afrika Mashariki ifanye nini?

Maarifa haya hayahitaji sindano ghali ili yawe na manufaa. Kipimo cha kawaida cha picha kamili ya damu huonyesha idadi ya eosinofili. Mwongozo wa mabingwa wa Ulaya ulitaja kiwango cha 250 katika kila maikrolita ya damu kuwa ishara ya mfumo wa pili, na mwaka 2023 kikashushwa hadi 150.

Tahadhari inahitajika hapa. Palipo na minyoo au kichocho, eosinofili hupanda kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya pua. Minyoo itafutwe na kutibiwa kwanza, kwani vidonge vya steroidi vinaweza kuifanya baadhi ya minyoo kusambaa mwilini na kuhatarisha maisha.

Tahadhari nyingine ni kwa wenye pumu pamoja na vinyama puani. Baadhi yao hubanwa vibaya na kifua wanapomeza aspirini, diklofenaki au ibuprofeni. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo amweleze daktari kabla ya kupewa dawa yoyote ya maumivu.

Tiba ya msingi ni ile ile kila mahali: kusafisha pua kwa maji ya chumvi, ambayo maji yake yamechemshwa na kupozwa, na kutumia dawa ya steroidi ya kupuliza puani kila siku kwa wiki kadhaa bila kukatiza. Ikiwa upande mmoja tu ndio unaoziba, damu inatoka, jicho limevimba au macho hayaoni vizuri, mgonjwa asingoje. Afike haraka kwa bingwa wa masikio, pua na koo, kama wale wa Muhimbili mjini Dar es Salaam au Kenyatta mjini Nairobi.

Na kwa yule anayenunua antibiotiki kwa mara ya nne mwaka huu kwa sababu ya pua ile ile, ni vyema kabla ya kulipa aulize: je, kuna aliyewahi kupima ni kikosi gani kinachopigana?