Kwa Nini Miti Yetu Mipya Ilikauka?

Masika yaliyopita tulipanda migrivea minne uani ili watoto wapate kivuli. Kabla ya mwaka kwisha, miwili ilikuwa imekauka kuanzia kileleni. Tulipoona majani yananyauka tulidhani ni kiu, tukazidi kuimwagilia asubuhi na jioni.

Tulipoung'oa mmoja, tuliona makosa yetu. Mizizi ilikuwa bado imejikunja kama ilivyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki, tena ilikuwa myeusi, imeoza. Tulikuwa tumeufukia kwa kina mno, na maji yalituama shimoni. Mizizi huhitaji hewa. Ikiikosa, kuvu walio udongoni huishambulia, na mti hunyauka hata udongo ukiwa umelowa.

Wa pili ulikuwa na jeraha la panga karibu na ardhi, likitoa utomvu. Hapo ndipo ugonjwa ulipopata mlango.

Mama, ugonjwa wa namna hii ni rahisi kuuzuia kuliko kuutibu. Basi ukipanda:

1. Ondoa mfuko wote, nyoosha mizizi iliyojikunja.
2. Usifukie shina kupita pale udongo wa mfuko ulipofikia.
3. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole. Udongo ukiwa bado na unyevu, ngoja.
4. Palilia kwa mkono kuzunguka shina, wala usifunge mbuzi hapo.
5. Usipande mti mwingine katika shimo la ule uliooza.

Miwili iliyobaki tuliipunguzia udongo shinani na kuichimbia mfereji. Sasa inachipua.