Mwenza wako ameambiwa huenda ana MS: namna ya kumfikisha kwa bingwa

Msikilizaji wetu mmoja ametuandikia ujumbe. Mke wake alipoteza nuru ya jicho moja mwaka jana, akapona. Mwaka huu miguu imekufa ganzi, na hospitali ya wilaya imemwambia huenda ni MS. Anauliza: aanzie wapi?

MS, kwa kirefu maltipo sklerosisi, ni ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando unaofunika nyuzi za fahamu. Fikiria waya wa umeme uliochunika plastiki yake: taarifa kutoka kwenye ubongo zinapita kwa kusuasua, au hazifiki kabisa. Ndiyo maana huyu anaona ukungu, yule anayumba, mwingine anashindwa kuzuia mkojo. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Hauambukizi. Wala si kurogwa, ingawa najua majirani watasema.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba dalili huja na kuondoka. Shambulio linaweza kukaa siku kadhaa au wiki, kisha mgonjwa anatembea tena, na aliyempa mizizi wiki hiyo anapata sifa. Lakini kila shambulio linaweza kuacha kovu lisilofutika. Kwa hiyo akipata nafuu, usiahirishe safari ya hospitali.

Hapa Tanzania njia ni ya rufaa: wilaya, mkoa, kanda, kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili. Ukiruka ngazi bila barua, bima inaweza kukataa kulipa. Mwombe daktari aandike wazi kwamba mgonjwa anahitaji bingwa wa magonjwa ya mfumo wa fahamu. Neno hilo lina uzito. Daktari wa akili ni mwingine, na daktari anayepasua ubongo na uti wa mgongo ni mwingine. MS haitibiwi kwa kisu. Mabingwa hawa ni wachache na kliniki zao zina siku maalumu, kwa hiyo piga simu kabla ya kukata tiketi ya basi. Katika simu hiyohiyo uliza kama mashine ya MRI inafanya kazi na kipimo ni shilingi ngapi. MRI ndiyo inayoonyesha makovu. Eksirei ya kawaida haiwezi.

Kabla ya kuondoka, tengeneza daftari. Andika tarehe ya kila shambulio, kiungo kilichoguswa na lilikaa siku ngapi. Mrekodi kwa simu anavyotembea siku mbaya, maana siku ya kliniki anaweza kuwa mzima kabisa. Beba majibu yote ya zamani: VVU, kaswende, kifua kikuu, vitamini B12. Yote hayo yanaweza kuleta dalili zinazofanana na MS, na bingwa lazima ayaondoe kwanza. Upo pia ugonjwa uitwao NMO unaofanana nao sana, ila baadhi ya dawa za MS humzidishia mgonjwa wa NMO. Kwa hiyo bingwa akitaka vipimo zaidi, hapotezi muda wako.

Sasa fedha. Kadi ya CHF iliyoboreshwa iliwekwa kuishia ngazi ya mkoa, kwa hiyo mweleze mapema ofisa wa bima kwamba mnapelekwa mbele ya hapo. Kama hamna uwezo, nendeni dirisha la ustawi wa jamii la hospitali na barua ya mtendaji wa kijiji. Nendeni kabla ya deni, si baada yake.

Dawa zipo, ingawa haziponyi kabisa, zinapunguza mashambulio. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Hiyo ya tatu hutumika pia kwa baadhi ya saratani, kwa hiyo mwulize bingwa kama inapatikana hospitali kubwa inayotibu saratani. Kama mke anatarajia kushika mimba, aseme kabla ya kuanza dawa yoyote.

Nyumbani, joto kali humrudishia dalili kwa muda: shamba lifanyike asubuhi, na maji ya kuoga yawe ya baridi. Homa nayo itibiwe mapema. Ila jicho likififia, miguu ikilegea au mkojo ukigoma kutoka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Omba kuingia naye kwa daktari, maana uchovu na usahaulifu ni sehemu ya ugonjwa, na maelezo ni mengi. Kabla hamjatoka, chukueni namba ya simu ya kliniki, na mwombeni bingwa aandike barua ya kurudisha majibu kwa daktari wenu wa wilaya, ili shambulio lijalo lisianze kuulizwa upya.