Mungu Alikuja Mwenyewe

Kila mwaka, ifikapo tarehe 25 Desemba, Wakristo wengi ulimwenguni hushika Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana. Kanisa hupambwa kwa makuti na maua, kengele hupigwa, watoto huvaa nguo safi, na nyumbani hupikwa chakula kilicho bora kuliko cha siku zote. Mambo hayo ni mema. Lakini mtu aweza kula na kuimba hata jioni, asijue anafurahia nini. Basi na tuulize: siku hiyo twakumbuka jambo gani?

Habari yenyewe ni fupi. Kaisari Augusto, mtawala wa Rumi, alitoa amri watu wa milki yake waandikwe. Yusufu, seremala wa Nazareti, akasafiri pamoja na Mariamu mpaka Bethlehemu, mji wa Daudi, ulio karibu kilomita 9 kusini ya Yerusalemu. Jina la mji huo kwa Kiebrania maana yake ni Nyumba ya Mkate. Huko Mariamu akajifungua mtoto, akamlaza katika hori, chombo cha kulishia wanyama, kwa kuwa hawakupata nafasi penye wageni. Watoto wengi wamezaliwa katika umaskini. Hilo si ajabu. Ajabu ni hii: Kanisa lasadiki ya kuwa mtoto yule, aliyelia kwa njaa kama watoto wote, ndiye Mwana wa Mungu, ambaye kwa yeye mbingu na nchi ziliumbwa. Jambo hili huitwa Kufanyika Mwili.

Kusadiki hivyo kuna faida gani? Tutazame mfano. Tuseme mtoto yuko katika shule ya bweni, mbali na kwao, naye ameshikwa na homa kali. Mama yake apata habari. Kwanza ampelekea barua ya kumfariji. Mtoto aisoma, na moyo wake watulia kidogo. Kisha amtuma mtumishi mwaminifu na blanketi na chakula; mtoto ashukuru. Lakini usiku mmoja mlango wafunguliwa polepole, naye ahisi mkono juu ya paji la uso wake. Hana haja ya kuuliza ni nani. Barua ni njema, na mtumishi ni mwema. Lakini barua haimshiki mgonjwa mkono, wala mtumishi hawi mama.

Ndivyo ilivyokuwa zamani. Maandiko ya Torati yalikuwa kama barua, na manabii walikuwa watumishi. Sikukuu hii yatuambia ya kuwa mwisho Mungu alikuja mwenyewe.

Lakini si watu wote waliokubali neno hili. Katika mji wa Iskanderia, huko Misri, palikuwa na kasisi aitwaye Ario. Yeye alifundisha ya kuwa Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote, ila naye ni kiumbe, wala hakuwako tangu milele. Mwaka 325 maaskofu walikusanyika Nikea, katika nchi iitwayo leo Uturuki, wakalikataa fundisho hilo. Pamoja na askofu wa Iskanderia alikuwako shemasi kijana, jina lake Athanasio. Mwaka 328 yeye naye akawa askofu wa mji huo. Na kwa kuwa hakukubali kuigeuza imani hiyo, alifukuzwa mara 5, akakaa mbali na watu wake karibu miaka 17 kwa jumla.

Kwa nini alikubali kuteswa hivyo? Kwa sababu, kama Ario alisema kweli, basi aliyelazwa horini ni mtumishi tu, aliye mkubwa kuliko wenziwe, na mama bado yuko nyumbani. Tungekuwa tumepata habari za Mungu, lakini Mungu mwenyewe asingalitufikia.

Wengine walikosa kwa upande wa pili. Walisema ya kuwa Yesu alikuwa Mungu kweli, bali mwili wake ulikuwa kama kivuli; alionekana kuchoka na kuumia, lakini hakuchoka wala hakuumia. Hilo ni sawa na kusema kwamba mama alifika, akasimama nje ya dirisha, asiingie chumbani mwa mgonjwa. Mkutano wa Kalkedoni, mwaka 451, ukasema wazi ya kuwa Yesu Kristo ni Mungu kweli, tena ni mwanadamu kweli. Siri hii ni kubwa kuliko mfano wowote. Lakini mfano watosha kutuonyesha ya kuwa neno moja likiondolewa, faraja yote yaondoka.

Basi, enyi wanafunzi, haya yatufundisha nini? Kama Mungu hakuona haya kuwa na mwili, hakuna mwili wa mtu unaostahili kudharauliwa: wala wa mgonjwa mwenye vidonda, wala wa maskini aliyevaa matambara, wala wa mzee asiyeweza kutembea. Tena, yatufundisha namna ya kupenda. Siku ya sikukuu yuko mtu kijijini mwako ambaye hakuweza kufika kanisani. Ukiwa na chakula cha kumpa, usimtume mdogo wako akipeleke, nawe ukabaki uwanjani kucheza. Kichukue mwenyewe, ingia, uketi karibu naye.