Msichana Aliyetekwa na Jemadari Aliyeoga Mara Saba

Somo: 2 Wafalme 5:1-27 na 6:8-24



Habari ya Naamani inajulikana sana katika makanisa yetu. Watoto wa shule ya Jumapili wanaiigiza: mmoja anapakwa unga mwilini ili aonekane mwenye ukoma, na kila akiinama wenzake wanahesabu kwa sauti mpaka saba. Sisi wachungaji tunaipenda pia, kwa kuwa mahubiri yake ni kama yamekwisha kupangwa. Mtu mkubwa alikuwa na kiburi, akanyenyekea, akatii, akapona. Tumeihubiri hivyo miaka mingi.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja alitungoja nje mpaka watu wa korali walipomaliza kukusanya vyombo vyao. Hakuja kuombewa. Aliuliza tu: "Pasta, yule msichana alirudi kwao?" Tukamjibu: "Mama, Biblia haisemi." Akatikisa kichwa. "Ndiyo. Na mimi nilitafuta, sikuona." Kisha akaenda zake. Binti yake alichukuliwa na watu wenye silaha njiani akitoka shambani, na huo ulikuwa mwaka wa tatu bila habari.

Tangu siku ile hatuwezi kuisoma sura hii kwa haraka. Katika Beni, Ituri, Masisi, Rutshuru, Fizi, ziko jamaa ambazo mstari wa pili wa sura hii ni maisha yao yenyewe. Basi tuanzie hapo, wala tusikimbilie Yordani.

Mstari wa pili unasema kwamba Washami walitoka kwa vikosi, wakamteka msichana mdogo katika nchi ya Israeli, akawa mtumishi wa mke wa Naamani. Hivyo havikuwa vita vikubwa vya wafalme wawili. Ni vikundi vilivyovuka mpaka, vikanyang'anya, vikarudi. Jina la msichana halikuandikwa, wala la baba yake, wala la kijiji chake. Aliyeandika anataja mambo mawili tu: kwamba alikuwa mdogo, na kwamba alitekwa. Na yule bwana ambaye habari yote inamngojea apone ndiye mkuu wa jeshi la nchi iliyomteka mtoto. Kama yeye mwenyewe ndiye aliyetoa amri, hatuambiwi. Lakini mtoto yuko nyumbani mwake, anamhudumia mkewe.

Huyo mtoto akamwambia bibi yake kwamba laiti bwana wake angekwenda kwa nabii aliye Samaria, angepona ukoma wake.

Hapa tunapaswa kukiri kosa letu. Mara nyingi tumelichukua neno hili la msichana na kulifanya fundisho la utii kwa wadogo: angalieni, hakunung'unika, alimtumikia bwana wake kwa moyo mweupe. Tumelihubiri hivyo mbele ya akina mama, mbele ya wasichana wanaofanya kazi katika nyumba za watu, mbele ya wale waliokimbia vita. Lakini hakuna aliyemwamuru msichana aseme lile neno. Mateka ana uwezo mmoja tu uliobaki mkononi mwake, nao ni kunyamaza. Angenyamaza, ukoma ungeendelea kumla Naamani, na hakuna mtu Dameski ambaye angejua kwamba mtoto huyu alijua dawa. Alisema kwa hiari yake. Ndiyo sababu tunaiita huruma. Kitu ambacho mtu analazimishwa kukitoa kwa adui yake hatukiiti huruma. Mara nyingi ni woga tu.

Kwa hiyo mchungaji anayemwambia mama aliyenyang'anywa mtoto, "Samehe, nyamaza, usiyaseme hayo mbele ya watu," anamwomba jambo ambalo sura hii haimwombi. Biblia yenyewe haikunyamaza. Iliandika kwanza kwamba alitekwa, ndipo ikaandika kwamba alihurumia.

Sasa Naamani. Aliposikia, alifanya kama wakubwa wanavyofanya: alikwenda kwa mkubwa mwenzake. Alichukua barua ya mfalme wake mpaka kwa mfalme wa Israeli, pamoja na talanta kumi za fedha, shekeli elfu sita za dhahabu, na mavazi kumi. Talanta moja ni kama kilo 34, basi fedha peke yake ilikuwa zaidi ya kilo 300, na dhahabu kama kilo 70. Ili tuelewe ukubwa wa mali hiyo, tusome 1 Wafalme 16:24: mfalme Omri alinunua mlima wote wa Samaria, ambapo alijenga mji wake mkuu, kwa talanta mbili za fedha. Naamani alifika na bei ya milima mitano kama ule, na dhahabu juu yake. Mfalme wa Israeli alipoisoma barua alirarua mavazi yake, akifikiri ni njia ya kutafuta vita. Barua ilifika mahali ambapo hapakuwa na msaada. Msichana alikuwa amesema "nabii". Wakubwa wakasikia "mfalme".

Farasi na magari yakasimama mlangoni pa Elisha, na Elisha hakutoka. Alimtuma mtu tu: nenda ukaoge katika Yordani mara saba. Naamani akakasirika. Alikuwa ameyapanga yote kichwani: nabii atatoka, atasimama, ataliita jina la Mungu wake, atapunga mkono juu ya mahali pagonjwa. Na mito ya kwao, Abana na Farpari, je, si mizuri kuliko maji yote ya Israeli?

Tusimcheke upesi. Kwetu mkubwa akifika kanisani katikati ya ibada, watu wa protokole wanakimbia, mama mzee anainuliwa kwenye kiti chake, mhubiri anakata neno lake ili amsalimu mgeni. Elisha angekuwa mchungaji wa parwasi yetu, komite ingekutana Jumatatu kuzungumza juu ya adabu yake.

Waliomwokoa Naamani siku ile ni watumishi wake. Wakamwita "baba", wakamwuliza kama nabii angemwambia jambo gumu, je, asingelifanya? Basi kwa nini akatae kuoga tu? Hapo ndipo utii wa sura hii unapoonekana, nao unakwenda kinyume cha ule tuliouzoea. Sisi tukisema utii, tunafikiri mdogo kumtii mkubwa: mshirika kumtii mchungaji, mke kumtii mume, raia kumtii mwenye bunduki. Katika 2 Wafalme 5 mkubwa ndiye anayetii. Alisikia neno la mtoto mateka, kisha neno la mtumwa wa nabii ambaye hata hatujui jina lake, kisha neno la watumishi wake mwenyewe.

Na jambo aliloamriwa lilikuwa jepesi mno, ndiyo maana liliuma. Tunakumbuka wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Mlangoni pa kanisa tuliweka ndoo ya maji yenye dawa, tukaambiwa tunawe, tusishikane mikono. Wako kati yetu waliosema mtu wa imani hanawi. Kufunga siku arobaini tungekubali. Kukesha mlimani tungekubali. Kunawa kulionekana ni dharau kwa Roho Mtakatifu. (Tunajua pia kwamba watu walikuwa na sababu zao za kuogopa, waliokuja kutuambia tunawe walikuja na magari mengi katika nchi ambayo miaka yote ya mauaji haikuona magari hayo. Lakini maji yalikuwa maji.)

Naamani akashuka, akazama mara saba. Mwili wake ukarudi kuwa kama wa mtoto mdogo. Katika Kiebrania, neno linalotumika hapa kwa mtoto mdogo ni lile lile lililotumika kwa msichana katika mstari wa pili; moja ni la kiume, lingine la kike. Jemadari alitoka majini akiwa amefanana na yule aliyetekwa. Tukiulizwa unyenyekevu ni nini katika sura hii, tungeonyesha neno hilo moja.

Neno jingine dogo kabla hatujaendelea. "Ukoma" wa Biblia ulikuwa jina la magonjwa mengi ya ngozi, si lazima uwe ule tunaoujua. Ukoma tunaoujua bado upo Kongo, una dawa, na dawa hizo hutolewa bure. Mtu mwenye mabaka yasiyosikia kitu aende kituo cha afya. Asiambiwe akaoge mtoni mara saba.

Elisha alikataa zawadi yote. Tunadhani alikataa kwa sababu Naamani alikuwa mtu wa kununua. Angelipa, angerudi Dameski akisema alipatana bei na Mungu wa Israeli. Lakini Gehazi, mtumishi wa Elisha, alimkimbilia nyuma, akatunga habari ya vijana wawili wageni wenye haja, akapewa talanta mbili. Ile ile bei ya mlima wa Samaria. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Wapendwa, katika miji yetu ziko siku hizi nyumba na vyumba vya maombi ambamo mgonjwa haombewi kabla ya kutoa bahasha, na mafuta yanauzwa kwa chupa. Wanaofanya hivyo wanajilinganisha na Elisha. Sisi tunaona wanafuata njia ya mtumishi wake. Na tusiwaseme wao peke yao: hata katika makanisa yetu ya zamani kuna wagonjwa wanaotembelewa upesi na wengine wanaotembelewa wakishakufa.

Turudi kwa swali la mama. Naamani aliomba udongo wa mzigo wa nyumbu wawili ili amwabudu Bwana huko kwao. Aliomba asamehewe kwa kuinama katika nyumba ya Rimoni pamoja na mfalme wake. Juu ya msichana hakusema kitu, wala Elisha hakumwuliza. Tungependa amwulize. Tumetafuta katika vitabu vya ufafanuzi tulivyo navyo, na walimu wetu wa chuo cha theolojia walituonyesha mengi katika sura hii, lakini ukimya huo hakuna awezaye kuujaza.

Ila sura ya 6 ina jambo. Jeshi la Shamu lilikuja kumkamata Elisha, likapigwa upofu, likaongozwa mpaka katikati ya Samaria. Mfalme wa Israeli aliuliza mara mbili kama awapige. Elisha alikataa, akaagiza wapewe chakula na maji warudi kwa bwana wao. Wakafanyiwa karamu kubwa. Na mstari wa 23 unasema vikosi vya Shamu havikuja tena katika nchi ya Israeli. Vikosi: neno lile lile la mstari uliomchukua msichana. Huruma ya mtoto mmoja katika nyumba ya jemadari, na baadaye huruma mezani Samaria, na vikosi vikakoma.

Tungetamani kusimama hapo. Lakini mstari wa 24 unaanza na Ben-hadadi kukusanya jeshi lake lote na kuuzingira Samaria. Aliyeandika aliyaweka mawili hayo pamoja bila kuona haya, na sisi tunaoishi hapa, ambao tumesikia mapatano mengi yakisomwa redioni, tunamwelewa.

Yule mama tulimwambia yote haya, mwezi mmoja baadaye, tukiwa tumeketi naye na mashemasi wawili. Alisikiliza sehemu ya karamu kwa utulivu. Kisha akasema: "Basi kama hakuna aliyemwuliza habari zake, ninyi muulize." Tangu hapo, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya sadaka, mzee wa kanisa anasoma majina ya watoto wa parwasi waliochukuliwa na hawajarudi, jina la kila mmoja na mahali alipochukuliwa. Kutaniko linasimama. Jina la binti yake analiandika mwenyewe kwenye karatasi ile, kwa herufi kubwa, kwa sababu mzee wetu haoni vizuri.