Vikaragosi Gizani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Taa

Katika makala hii tunaeleza jinsi vikaragosi vya mwanga mweusi vinavyotumika katika Shule ya Jumapili, ili kila kamati iamue kwa ufahamu kabla ya kuomba fedha.

Taa inayotumika hutoa mionzi ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Rangi na vitambaa vyenye kemikali maalumu hupokea mionzi hiyo na kuigeuza kuwa mwanga unaoonekana. Mahameli nyeusi hairudishi mwanga. Hivyo mwalimu aliyevaa nyeusi kuanzia kichwani hadi vidoleni haonekani, na kikaragosi alichoshika huonekana kama kinaelea chenyewe. Ndugu wawili Wamarekani, Robert na Joseph Switzer, walitengeneza rangi za aina hii miaka ya 1930. Mwaka 1961 Jiří Srnec alianzisha mjini Prague kundi la maigizo ya namna hii, na baadaye makanisa yakaitumia kufundishia watoto.

Njia hii inafaa kwa masimulizi yaliyo magumu kuigiza mchana, kama uumbaji wa nyota au Yona tumboni mwa samaki.

Mahitaji si mengi:

1. Ukumbi unaoweza kutiwa giza. Taa mbili ndefu za wati 36 zinatosha jukwaa dogo, na jenereta ndogo inaziendesha.

2. Taa ziwe za UV-A na zielekezwe jukwaani, si kwa watoto. Taa za UV-C, zinazoua vijidudu, huumiza macho na ngozi; zisitumike kamwe.

3. Mavazi meusi yasiyo na nyuzi nyeupe. Nguo nyeupe zilizofuliwa kwa sabuni ya unga nazo hung'aa.

4. Vikaragosi vya sponji na soksi, ambavyo akina mama wa usharika wanaweza kushona wenyewe.

Jambo zito zaidi ni imani ya mtoto. Katika jamii zetu, kitu kinachoelea gizani chaweza kudhaniwa kuwa uchawi, au muujiza. Yote mawili ni hatari. Mtoto akija kugundua baadaye kwamba "muujiza" ule ulikuwa taa, atalitilia shaka na Neno lenyewe. Kwa hiyo tunashauri walimu wakae kati ya watoto wadogo, onyesho lisizidi dakika kumi, na likiisha taa ziwashwe, walimu wavue barakoa, watoto washike vikaragosi na kuelezwa siri yote. Ndipo somo lifuate.

Tunashauri pia kila usharika uanze na vikaragosi vya kawaida, mchana, kwa miezi mitatu. Taa zikitangulia walimu waliofunzwa, huishia stoo. Wafadhili wetu, mchango wenu kwa mafunzo ya walimu utadumu kuliko taa.