Usinunue kichomeo kwa ukali wa moto tu

Umejenga tanuri dogo la matofali ya kuhimili moto, unataka kugumisha kisu ulichochonga kutoka kwenye springi ya gari. Ununue kichomeo gani cha gesi?

Wengi huuliza, "Moto wake unafika nyuzi ngapi?" Mwali wa propeni ukichanganyika vizuri na hewa hukaribia nyuzi 2,000 za Selsiasi, na wa butani ni hivyo hivyo. Kisu kinahitaji kama 850 tu. Shida ni wingi wa joto: kichomeo kidogo hutoa joto kidogo kila sekunde, nalo hupotelea kwenye kuta na mdomo wa tanuri. Ni sawa na kujaza ndoo inayovuja kwa kijiko.

Kwa hiyo chagua kinachopitisha gesi nyingi, chenye mpira wa kuunga mtungi mkubwa na regyuleta ya presha kubwa. Ile ya jiko la nyumbani haitoshi. Kikopo kidogo hupoa kadiri gesi inavyotoka, presha inashuka, moto unafifia.

Pima kwa sumaku: ikiacha kunasa, umefika karibu nyuzi 770. Ongeza moto kidogo, halafu chovya kwenye mafuta.

Na fanyia nje, jamani. Monoksidi ya kaboni inaua, na haina harufu.